Kabla ya kupunguza hesabu, pimeni gunia

Ndugu Mhariri,

Juma hili mmeuliza kama wanafunzi wa uchumi wa mwaka wa tatu wanafundishwa hesabu nyingi kuliko wanazohitaji. Nilikusudia kujibu kwa neno moja: ndiyo. Shahada hiyo niliisomea huku huku nyanda za juu kusini, leo nashughulikia mikopo ya wakulima kwenye SACCOS moja Mbeya, na sijakutana bado na mkulima aliyeniuliza habari za Lagrange, ile njia ya hesabu ya kutafuta kilicho bora ndani ya mipaka uliyowekewa. Kwetu ekonometriki, yaani kupima uchumi kwa takwimu, ilikuwa kozi ya sapu: wengi walifeli na kurudia mtihani. Watu waliikariri, wakaimwaga kwenye mtihani, bumu (pesa ya mkopo wa masomo) likaingia, ikasahaulika.

Lakini swali lenu limenikumbusha viazi, na viazi hivyo vinaniudhi hadi leo.

Mwenzetu mmoja darasani, kijana wa Uporoto, alifanya utafiti wake wa mwisho juu ya unyumbufu wa uhitaji wa viazi mviringo, yaani kiasi kinachonunuliwa hubadilika vipi bei ikibadilika. Akapata takwimu za bei na za magunia yaliyoingia sokoni, akaziingiza kwenye Stata, programu ya takwimu, ikatoka regresheni safi, yaani mstari unaoonyesha bei na kiasi vinavyokwenda pamoja: magunia yanaongezeka, bei karibu haitikisiki. Kwa lugha ya darasani, uhitaji una unyumbufu mkubwa. Mkulima azidishe tu, soko litameza. Jopo la walimu waliomsahili lilifurahi. Likamuuliza swali moja tu, kwamba mstari huo ni wa uhitaji au wa ugavi, maana bei na kiasi huamuliwa pamoja. Mchumi Elmer Working aliliuliza hilo mwaka 1927, na mwaka uliofuata mchumi mwingine, Philip Wright, akaonyesha pa kutokea: tafuta kinachousukuma ugavi peke yake, kama hali ya hewa shambani, kisha utazame bei inafanyaje. Kijana akaambiwa akatafute takwimu za mvua.

Akaenda kuzitafuta kwao, karibu na Isyonje. Nikamsindikiza, kwa sababu kwao viazi ni vya bure. (Baridi ya Juni kule nayo ni ya bure.) Jioni tukamkuta mama yake anasimamia gari linapakiwa. Tukaamkia, tukamwonyesha karatasi ya bei. Akacheka.

"Bei ya gunia haishuki, mwanangu. Gunia ndilo linalokua."

Akatueleza. Viazi vikiwa haba, dalali anapokea gunia lililoshonwa mdomoni. Vikijaa barabarani, bei anaishika ileile ila anataka lumbesa: kichwa kimefumwa kwa kamba, ndoo mbili zaidi, pengine tatu. Ukikataa, gari linasogea kwa jirani. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na kila msomaji wenu wa huku anajua sheria hiyo hulala saa ngapi. Mwenzangu akaazima mizani, tukapima mpaka giza likatufukuza. Kulikuwa na magunia ya kilo 100 na ushee, na kulikuwa na yaliyopita 140. Kwenye takwimu zake yote yalikuwa "gunia", basi.

Regresheni nzima ikapinduka. Kilichotulia ni bei ya gunia. Bei ya kilo ilikuwa imeporomoka. Watu wa Mbeya na Dar es Salaam hawali viazi mara mbili eti kwa kuwa vimejaa sokoni. Ukimshauri mkulima apanue shamba kwa kutegemea karatasi ile, umempeleka kwa dalali na kamba ya lumbesa umembebesha mwenyewe.

Aliyaandika yote hayo. Jopo likamtaka ayaondoe: takwimu alizopewa ni rasmi, vipimo vyake vya barabarani havina sampuli ya maana. Akaondoa, akahitimu. Chuo sikitaji.

Nilitaka kisa hiki kiwe ushahidi dhidi ya hesabu, lakini nikikiandika naona kinakataa. Mama alijua kwamba gunia linakua. Ila kujua kwamba ukuaji huo unalipotosha jibu, na unalipotosha kuelekea wapi, kulihitaji ile ile kozi ya sapu. Kosa la kipimo lingekuwa la kubahatisha, huku limezidi na kule limepungua, lingefifisha jibu tu. Hili linapanda na mavuno na kushuka na mavuno, ndiyo maana linadanganya upande mmoja. Kuna watakaoliona hilo bila ekonometriki. Mimi nisingeliona.

Na jopo nalo, tulipe haki yake, halikukosea kabisa kuhusu sampuli. Tulipima magunia ya mama mmoja, jioni moja. Kusema kwa nini hayatoshi, hiyo nayo ni hesabu.

Basi jibu langu limegeuka hapana: msizipunguze. Pengine hata ziongezwe, ila kila anayetumia takwimu ya bei alazimishwe kwanza kwenda kukiona na kukipima kilichouzwa. Najua darasa la watu 300 halipandi Isyonje, na anayetaka kukaa dirishani benki ana haki ya kuuliza Lagrange ya nini. Kwa aliye mwaka wa pili sasa, anayepiga hesabu za kuikwepa ekonometriki: asiikwepe. Ila kama mwalimu wake ni wa kusoma slaidi na kuondoka, hapo sina la kumwambia.

Msomaji wenu, Mbeya