Maswali ya Wasomaji: Fundi Anayetaka Kuwa Mpangaji Ratiba

SWALI: Nimekuwa fundi mitambo kiwandani kwa miaka sita, na miwili ya mwisho nimekuwa nikigawa kazi za zamu. Nataka kupanga ratiba za miradi ya mafuta, gesi au umeme. Nimesoma kozi fupi ya Primavera P6, programu ya kupanga ratiba za miradi, na cheti ninacho, lakini kila ombi linarudi na jibu lilelile: huna uzoefu. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kuuandika upya wasifu wako. Kutumia P6 mtu hujifunza kwa wiki chache. Kujua kwamba kibadilisha joto hakifunguliwi kabla jukwaa la kupandia halijajengwa, bomba halijamwagwa kilichomo na bamba la kuzibia halijawekwa huchukua miaka, na hiyo unayo tayari. Ukiandika "nilisimamia zamu" umejificha. Taja ulipangia mafundi wangapi, kazi ngapi kwa wiki, ulikadiria saa ngapi na zikatumika ngapi. Pengo kati ya makadirio na saa halisi ndilo mpangaji analoishi nalo kila siku.

Kisha tengeneza ratiba ya kuonyesha. Chukua kazi moja unayoijua, mathalani kufungua kibadilisha joto, kukisafisha na kukirudisha. Shughuli 60 hadi 80 zinatosha. Pima muda kwa saa, maana mtambo ukizimwa kwa ukarabati mkubwa, kwa kawaida watu hufanya zamu mbili za saa 12. Hapo ndipo wengi huteleza: wanaacha kalenda ya saa 8 kwa siku, na kazi ya saa 24 inageuka kuwa ya siku tatu. Wengine husahau shughuli zisizoshika spana, yaani vibali, majukwaa, ukaguzi na jaribio la presha, au huipangia kreni moja sehemu mbili kwa saa ileile.

Kila shughuli iwe na inayoitangulia na inayoifuata, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho. Usizifunge tarehe kwa mkono. Tarehe iliyofungwa haisogei hata kazi inayoitangulia ikichelewa, na ratiba itaonekana nzima ilhali imeoza ndani. Jipime kwa vigezo 14 vya DCMA, idara ya Marekani inayosimamia mikataba ya ulinzi: shughuli zisizounganishwa zisizidi asilimia 5, na viungo vya "hii iishe ndipo ile ianze" vifike asilimia 90. Kigezo cha shughuli kutozidi siku 44 za kazi kipuuze hapa. Ukarabati mzima huenda usifike huko.

Sasa iharibu. Hifadhi ratiba ya msingi, yaani nakala ya mpango wa awali ya kulinganishia, kisha jifanye mkaguzi amekuta mirija imetoboka na imeongezeka kazi ya saa 36. Sogeza tarehe ya kukatia hesabu, yaani siku ambayo maendeleo ya kazi yamehesabiwa hadi hapo, piga hesabu upya, na eleza kwa nusu ukurasa ni mnyororo upi wa shughuli sasa unaoamua siku ya kumaliza na muda gani wa akiba umeliwa. Karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo kwenye usaili. Kama huna leseni ya P6, programu ya ProjectLibre ni ya bure na inatosha kwa mazoezi ya mantiki.

Mlango ulio wazi zaidi ni ukarabati mkubwa wenyewe. Wakandarasi huongeza watu wa muda wa kukusanya taarifa za maendeleo ya kazi, hasa zamu ya usiku ambayo wengi huikimbia. Omba pia nafasi ya mpangaji wa matengenezo au karani wa nyaraka za mradi.

SWALI: Kati ya vyeti vya kitaalamu vya upangaji ratiba, nifanye PMI-SP au PSP kwanza?

JIBU: Bado. Vyote viwili vinadai uzoefu wa kupanga ratiba kabla ya mtihani. Tangu leo weka kumbukumbu ya tarehe, miradi na saa ulizopanga, kwa sababu fomu ya maombi itauliza uzoefu wako.