Ukitaka okidi nyekundu, anza na manjano

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mombasa aliniandikia kwa uchungu. Alichavusha katleya yake nyekundu (katleya ni aina ya okidi) kwa chavua ya katleya kubwa ya zambarau, akalea miche kwa miaka, na sasa kila inayochanua ni zambarau tupu. Akauliza kama aachane na kazi hii. Dada yangu, usiache. Rangi nyekundu imenitesa kuliko zote, na imenipa furaha kuliko zote.

Wekundu wa katleya ni rangi mbili zilizolaliana. Chini kuna manjano ya karotenoidi, juu yake kuna zambarau ya anthosianini (zote ni rangi asilia za mimea), na jicho huziona pamoja kama nyekundu. Manjano yakikosekana, inabaki zambarau. Hicho ndicho kilichokupata. Wala si kila manjano yanafaa. Cattleya dowiana ya Costa Rica ni ya manjano ya kuvutia mno, lakini ukiichanganya na ya zambarau, manjano yake hujificha na watoto hutoka zambarau. Manjano ya Cattleya aurantiaca, ya Mexico na Amerika ya Kati, hayafichiki kirahisi hivyo.

Wekundu wenyewe tumeupata kwa kimea kidogo cha milima yenye ukungu ya Brazili, Cattleya coccinea, ambacho vitabu vya zamani hukiita Sophronitis. Mwaka 1886 kitalu cha Veitch huko Uingereza kilitoa chotara wake na Cattleya intermedia, akaitwa Batemaniana. Mwaka 1921 kitalu cha Charlesworth kikatoa Anzac, chotara mwingine mwenye damu ya coccinea. Kisha mwaka 1962 kitalu cha Stewart cha California kikaandikisha Jewel Box, mtoto wa aurantiaca na Anzac. Angalia akili iliyotumika hapo: mzazi mmoja alileta manjano yasiyofichika, mwingine akaleta damu ya coccinea. Mimi nauheshimu sana mchanganyo huo.

Nilipoanza, nilisimama kwenye mkutano wa wakuza maua nikaeleza nia yangu. Mzee mmoja anayesikilizwa sana akanikata mbele ya watu: nyekundu ni kazi ya wenye maabara, wewe uza waridi zako. Watu wakacheka. Sikumjibu, lakini maneno yale sijayasahau mpaka leo.

Nikarudi Tigoni, ambako usiku una baridi ambayo coccinea huipenda, nikachukua chavua yake kwa kijiti cha meno nikaipachika kwenye Jewel Box. Jewel Box ndiyo niliyoifanya mama kwa sababu ina nguvu. Coccinea ni dhaifu na kulea tunda kunaweza kuimaliza. Mbegu zilikuwa laini kama vumbi. Nilizipanda chupani kwenye agari (jeli ya mwani) yenye sukari, njia ambayo Lewis Knudson aliichapisha mwaka 1922, na chupa nilizichemshia, ili kuua vijidudu, kwenye sufuria ya presha ya mama mkwe (Mungu ambariki, hakuuliza kitu). Miaka ikapita. Mwezi huu ua la kwanza limefunguka, jekundu kama pilipili iliyoiva, bila hata dalili ya zambarau pembeni. Nimelitazama asubuhi na jioni. Yule mzee nilimtumia picha. Hajajibu.

Ndugu zangu, tuache kupenda njia ya mkato. Tunataka ua jekundu, lakini hatutaki kuuliza bibi na babu zake ni nani. Royal Horticultural Society ya Uingereza huweka daftari la machotara wa okidi, na kulitafuta kwenye intaneti ni bure. Lisome kabla ya kugusa chavua. Ukoo ukiwa hauna manjano yanayodumu, usipoteze miaka yako. Andika lebo kila chungu, siku hiyohiyo, kwa penseli, maana wino hufutika. Na miche ikichanua zambarau, itoe kwa majirani. Usiichavushe tena kwa kuionea huruma.

Kwako dada wa Mombasa: coccinea usiinunue, joto la pwani litaiua. Tafuta chotara wenye damu nyingi ya aurantiaca, uwachavushe wao kwa wao. Au fikiria okidi ya jamii nyingine kabisa, Renanthera coccinea ya Vietnam na kusini mwa China, nyekundu kweli, inayopenda joto na jua kali. Nitumie majina yaliyo kwenye lebo za mimea yako yote miwili, tuchambue ukoo wake pamoja kabla msimu wa maua haujafika.