Rangi ya spoku ifuate msuko wa ringi

Tanga ni mji wa baiskeli. Kijana anayetoka Ngamiani kwenda bandarini, mwalimu wa Chumbageni, mama anayerudi na kikapu kutoka soko la Mgandini, wote utawakuta juu ya baiskeli, na chombo unachokipanda kila siku lazima utataka kipendeze. Mimi husuka ringi kwa mkono jioni nikishatoka kazini, na ombi ninaloletewa zaidi na vijana ni spoku za rangi, zile waya za chuma zinazotoka katikati ya ringi hadi ukingoni. Nalipenda sana ombi hilo. Ringi iliyonyooka ikatiwa rangi kwa akili, naweza kukaa kibarazani nikaitazama hadi giza liingie.

Ila karibu kila anayekuja huwa ameshachagua rangi bila kufikiria zitakaa wapi. Anataka nyekundu tano, njano tatu, halafu bluu mahali fulani. Ukimsukia hivyo, baiskeli ikisimama jicho halijui lishike wapi, na ikitembea hakuna kinachoonekana. Kwa hiyo nakwambia wewe unayefikiria kupamba ringi zako: usianze kubuni mpangilio wa rangi kichwani. Ringi ina mpangilio wake tayari. Ujue huo, kisha uutie rangi.

Ringi nyingi za baiskeli zina spoku 36. Zipo za 32, na baiskeli za kizamani za muundo wa Kiingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Idadi zote hizo zinagawanyika kwa nne, na kuna sababu. Simama upande wa mnyororo uitazame ringi ya nyuma. Nusu ya spoku zimetoka upande wa kulia wa habu, yaani kitovu cha ringi, na nusu upande wa kushoto. Katika kila upande, nusu zinalala kuelekea nyuma na nusu zinalala kuelekea mbele, zikipishana na wenzake. Hayo ni makundi manne, na katika ringi ya spoku 36 kila kundi lina tisa. Zinalala hivyo kwa sababu habu ikizungushwa na mnyororo inabidi iivute ringi nzima, na spoku iliyotoka katikati ikaenda moja kwa moja hadi ukingoni haivuti vizuri. Mwingereza James Starley wa Coventry ndiye aliyepata hataza ya ringi ya spoku za kupishana mwaka 1874, na mpaka leo fundi wa Tanga na fundi wa Ulaya wanasuka kwa kanuni ile ile.

Ukitembeza kidole ukingoni mwa ringi, makundi hayo manne yanapokezana: la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha la kwanza tena, mpaka mzunguko umalizike. Kumbe basi una nafasi nne tu za kuamua rangi, na hizo zinatosha kabisa.

Tuseme amekuja mtu akasema, "Fundi, nataka ya Yanga." Sawa, mdogo wangu, kijani na njano. Njia moja ni kuweka kijani upande wote wa kulia na njano upande wote wa kushoto. Inapendeza, na ina faida moja nitakayoitaja mbele. Njia ya pili, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ni spoku zote zinazolala nyuma ziwe kijani na zote zinazolala mbele ziwe njano, kulia na kushoto. Hapo kila spoku zinapopishana, kijani kinakatana na njano, na ringi nzima inaonyesha msuko wake kama ukili wa mkeka wa Kipemba. Shabiki wa Simba naye anapata nyekundu na nyeupe kwa mtindo huo huo. Anayetaka bendera ya taifa ana bahati zaidi: kijani, njano, nyeusi na bluu ni rangi nne, na makundi ni manne. Bendera ya Kenya nayo inaingia bila shida, nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani.

Kabla hujaamua, fikiria pia baiskeli ikiwa mwendoni. Ringi ikizunguka kwa kasi, jicho haliwezi kutenga spoku moja moja, linazichanganya. Mwanasayansi James Clerk Maxwell alilionyesha jambo hili miaka ya 1850 kwa pia, ile ya kuchezea watoto, yenye vipande vya karatasi za rangi: ukiizungusha, rangi zinaungana kuwa moja. Kijani na njano zikiungana bado zinakaa kwenye ukijani mbichi unaopendeza. Nyekundu na nyeupe zinakuwa wekundu uliopauka. Nyekundu na kijani pamoja hutoa rangi ya tope, na rangi nne tano zikichanganyika unabaki na ukungu wa kijivujivu. Isitoshe, sehemu kubwa ya ringi ni hewa tupu, hivyo hata rangi nzuri hufifia ikizunguka. Zinazostahimili ni zile za mwanga: njano, nyeupe, chungwa. Nyeusi hupotea kabisa. Kwa hiyo anayetaka aonekane akiwa barabarani namshauri rangi moja ya mwanga, au mbili zinazoelewana. Bendera ya rangi nne ni ya kutazamwa baiskeli ikiwa imeegeshwa, na mwenye kuitaka ajue hivyo. Tena spoku ya njano si riflekta. Usiku wa Raskazone unataka riflekta na taa.

Sasa spoku zenyewe, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Zipo zinazouzwa zikiwa na rangi kutoka kiwandani, na zipo unazoweza kuzipaka mwenyewe. La kwanza kuangalia si rangi bali chuma kilicho chini yake. Pwani hii hewa ina chumvi, na spoku ya chuma cha kawaida ikishachubuka rangi inaanza kula kutu pale pale. Spoku ya chuma kisichoshika kutu ikichubuka inang'aa tu, haiozi. Nenda dukani na sumaku ndogo. Ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida. Chuma kisichoshika kutu kikivutwa kuwa waya mwembamba kinashikwa na sumaku kidogo tu, kwa hiyo mvuto hafifu usikutishe.

Michubuko yenyewe haina kinga kamili. Spoku zinasuguana pale zinapopishana, na shingo yake, pale inapopinda kuingia kwenye habu, inakaa kwenye tundu lenye ukingo mkali. Sehemu hizo mbili rangi hutoka mapema. Rangi ya kopo la kupuliza hutoka upesi zaidi. Kama ni hiyo tu unayoiweza, osha spoku mafuta yote, zipige msasa laini, weka rangi ya msingi, kisha puliza mara kadhaa nyembamba nyembamba badala ya mara moja nzito. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, ile ile wanayopaka mageti na fremu za madirisha ya alumini, inadumu zaidi. Mwambie mpakaji aoke spoku peke yake, ringi isiingie humo. Na sisitiza hili: sehemu yenye uzi, pale nati inapofunga, izibwe kabisa isiguswe na rangi. Rangi ikiingia kwenye uzi, nati inakwama katikati, unaizungusha spoku nzima badala ya nati, na ringi hiyo hutaweza kuinyoosha ipasavyo. Usiache pia rangi ikawa nene kwenye shingo, maana spoku nyingi ni za milimita 2 na tundu la habu halina nafasi ya kuchezea.

Wengine huniuliza kuhusu nati za rangi, zile ndogo za alumini zinazong'aa bluu, zambarau au nyekundu. Ni nzuri kwa macho, na kwa mtu wa bara mwenye baiskeli nyepesi sina ubishi. Kwa Tanga siziweki. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye unyevu wa chumvi vinaliana, nati inashikana na spoku, na siku ya kunyoosha ringi inaviringika ndani ya spana au inapasuka. Weka nati za brasi, rangi uiache kwenye spoku.

Usichanganye unene wa spoku katika upande mmoja eti kwa sababu rangi uliyoitaka imepatikana nyembamba tu. Spoku nyembamba inavutika zaidi ya nene, na ringi itakuwa inakusumbua kila wiki. Urefu nao upimwe kutoka ndani ya kona ya shingo hadi mwisho wa uzi. Ringi ya inchi 26 mara nyingi inataka milimita 260 na ushee, na baiskeli kubwa ya inchi 28 inataka milimita 300 na ushee, lakini usinunue kwa kukisia: chomoa moja upime. Kwenye ringi ya nyuma yenye gia nyingi, spoku za upande wa mnyororo huwa fupi kidogo kuliko za kushoto, mara nyingi kwa milimita mbili hivi. Na hii ndiyo ile faida niliyokuahidi. Kama kulia ni kijani na kushoto ni njano, spoku ikikatika popote fundi yeyote anajua hapo hapo ni ya urefu gani, na wewe ukiwa na akiba nyumbani huwezi kuzichanganya.

Kama mfuko hauruhusu spoku zote 36, nunua tisa. Weka kundi moja tu rangi ya chungwa, zilizobaki ziwe za kawaida. Zikikaa kwenye kundi lao, kila ya nne ukingoni, zinaonekana zimepangwa na mtu anayejua anachokifanya. Tisa zilizochomekwa popote hazitoi hivyo.

Kusuka kwenyewe kunarahisishwa na rangi, na kwa anayejifunza ningesema aanze na rangi mbili hata kama baadaye ataziondoa. Chomeka kundi la kwanza upande wa kulia wa habu, tundu moja liingie spoku, moja liachwe, vichwa vikitazama nje. Zifunge kwenye ringi kila baada ya matundu matatu, ukianzia karibu na tundu la valvu. Nati zungusha kidogo tu, zishike. Kundi la pili ni la kushoto, kila spoku kando ya mwenzake wa kulia. Kisha shika habu uigeuze mpaka spoku zilale. Kundi la tatu linarudi kulia, vichwa sasa ndani, na kila spoku inapita juu ya mbili za kundi la kwanza, halafu inaingia chini ya ile ya tatu. La nne linafanya vivyo hivyo kushoto. Ukiwa umetoa rangi moja kwa zinazolala nyuma na nyingine kwa zinazolala mbele, simama utazame: kila makutano lazima yawe ya rangi mbili. Ukiona rangi moja imekatana na yenyewe, au ukingoni zimefuatana vibaya, umeruka tundu. Kwa spoku za rangi moja kosa kama hilo hulioni mpaka umeshakaza nusu ya ringi.

Valvu ikae mahali ambapo spoku zake mbili za jirani zinaachana, pampu ipate nafasi ya kuingia. Mojawapo ya hizo mbili mimi huipa rangi ya peke yake, nyeupe kwa kawaida. Inanionyesha valvu ilipo, na wakati wa kukaza ndipo ninapoanzia hesabu, nikiiona tena najua mzunguko umekamilika.

Kukaza kuwe kwa nusu mzunguko wa spana, ringi nzima, kabla hujaongeza. Huna stendi? Pindua baiskeli, funga vijiti viwili vya plastiki kwenye foku, ile panda ya fremu inayoishika ringi, viikaribie ringi, zungusha uone inagusa wapi. Gonga spoku kwa ukucha usikilize: za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Kisha zishike mbili mbili zilizo sambamba uzibane kwa kiganja kwa nguvu, ringi nzima, kulia na kushoto. Utasikia zikilia zinapokaa mahali pake. Nyoosha tena baada ya hapo. Weka tambara kiganjani, kwa sababu ya mkono wako na kwa sababu ya rangi.

Siku unaponunua, chukua na akiba, mbili tatu za kila rangi na kila urefu. Duka lililokuuzia kijani mwezi huu huenda mwezi ujao lisiwe nacho, au likaleta kijani cha namna nyingine. Zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu chini ya kiti pamoja na nati zake. Spoku hukatika zaidi nyuma, upande wa mnyororo, kwenye shingo, kwa hiyo kama ni lazima upunguze, punguza za mbele. Ringi mpya ikishatembea wiki kadhaa irudishe kwa fundi aikague, kwa kuwa spoku mpya hulegea kidogo zikishabeba uzito, na aliyeisuka anajua alikoanzia.