Uliza Fundi: Kisu cha kopi, nani kamuibia nani?

SWALI: Fundi shikamoo. Nimenunua kisu cha kukunja Kariakoo elfu kumi na nane, kikali balaa, kina lile tundu la duara kwenye bapa la kufungulia na dole gumba, na kimeandikwa Spyderco. Jamaa yangu kazini kaniambia ni feki na eti mi ni sawa na mtu aliyenunua mali ya wizi. Mbona visu vyote vinafanana tu? Msomaji, Temeke.

JIBU: Marahaba. Jamaa yako ana hoja ila kaichanganya kidogo. Spyderco ni kampuni ya Sal Glesser kule Colorado, Marekani, kisu chao cha kwanza cha kukunja kilitoka 1981 kikiwa na hilo tundu pamoja na klipu ya kubania mfukoni. Klipu dunia nzima imeichukua, leo hata kisu cha elfu tano kina klipu na hamna anayemuita mwenzake mwizi. Tundu la duara ndo kesi nyingine, hilo walilisajili kama alama ya biashara, na alama haifanani na hataza, yaani ile haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wake kwa muda fulani; alama ukiendelea kuilipia na kuitumia inaendelea kuwa yako. Kwa hiyo hicho kisu chako kimechukua tundu, afu juu yake kikachukua na jina, na hapo kwenye jina ndo mi nashindwa kabisa kukitetea, maana huyo aliyekitengeneza hajaiga tena, kakudanganya wewe uliyetoa hela.

Na usidhani ni mambo ya Wachina tu. Karne ya 19 Wajerumani wa Solingen walikuwa wanatengeneza visu vya bei chee wanavigonga muhuri wa Sheffield, mji wa Waingereza uliokuwa na jina kwenye visu, mpaka Uingereza ikatunga sheria 1887 kwamba bidhaa ya nje iseme imetoka wapi. Ndo hapo "Made in Germany" ilipoanzia, ilikusudiwa iwe aibu ikageuka sifa, na kufika 1938 Solingen hao hao wakapata sheria ya kulinda jina la mji wao wasichezewe na wengine! Nacheka kila nikikumbuka.

Sasa umbo na mitambo ya ndani ni habari tofauti. Chukua ile loki ya kipini kinachopita upande hadi upande, unakivuta nyuma kwa vidole viwili bapa linaachia. Benchmade, kampuni nyingine ya visu ya Marekani, waliitoa kwa jina la Axis, hataza ikatoka 1998, na kule Marekani hataza inahesabiwa miaka 20 tangu siku ya kuombwa basi, ikiisha kila mtu ruksa. Imeisha, na sasa kampuni kibao zinaitengeneza kwa majina yao wenyewe na ni halali kabisa, mradi usiiite Axis. Ila walikuwepo walioikopi hataza ikiwa bado hai, tena na umbo la mpini na kila kitu, hao siwapi maua. Mi mwenyewe miaka hiyo nilinunua kopi moja, ndani mna vispringi viwili vyembamba kama waya wa gitaa, siku nakata mpira wa bomba kimoja kikakatika, kipini kikalegea, bapa likajikunja juu ya kidole cha shahada, kovu ninalo mpaka leo. Muuzaji nilipomrudia akaniambia kaka si ulitaka cha bei rahisi.

Kuna na la Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, kisu chake kinaitwa Sebenza, Kizulu hicho, kufanya kazi. Alifanya upande mmoja wa mpini wenyewe uwe ndo loki, hakuichukulia hataza, na leo iko kwenye visu visivyohesabika. Kisheria hamna kosa. Kiungwana mi naona ukitumia kazi ya mtu mtaje, wapo watengenezaji wanaomtaja wazi na wapo wanaojifanya waliota usiku.

Kisu chako usikitupe, hela imeshaenda. Usimuuzie mtu ukamwambia orijino tu.

SWALI: Kaka, mi fundi Arusha, natengeneza visu vya jikoni kwa springi za gari. Wazungu wa safari wananiomba kitu kama Opinel, ile ya mpini wa mti na pete. Nikiiga nitashtakiwa? Kijana wa Unga Limited.

JIBU: Opinel mdogo wangu ni ya 1890, ya Joseph Opinel wa Savoie, Ufaransa, na ile pete ya kuzungusha ili kufungia bapa lisijikunje imeingia 1955. Hataza ya mwaka huo ilishakufa zamani, wazo la pete ni la kila mtu. Usichogusa ni jina na ule mkono wenye taji unaogongwa kwenye bapa, hiyo ni chapa yao mpaka leo. Mpini nao usiuchonge mule mule, wewe uko Arusha una mninga na mpingo, hao wageni wenyewe Opinel wanaipata kwao, kwako wanatafuta chako, gonga jina lako hapo. Springi ya gari ni nene sana kwa kisu cha kukunja, utachoka kuinoa iwe nyembamba, jaribu bapa la msumeno wa zamani. Na pete usiikunje kwa bati la kopo, baada ya wiki inazunguka yenyewe mfukoni.