Kuhusu ile familia ya Les Baux

Mkuu, umeuliza kama ni kweli mabwana wa Les Baux kule Provence, kusini mwa Ufaransa, walitokana na Balthazar yule wa Mamajusi. Hizo ni mbwembwe tu, wenyewe ndo walidai hivyo wakaweka na nyota ya miale 16 kwenye nembo yao. We anzia 1426 alipokufa Alix, wa mwisho wa ukoo kutawala pale, alafu ruka hadi miaka ya 1630 ngome ilipobomolewa enzi za Richelieu, waziri mkuu wa mfalme wa Ufaransa, maana mji ulikuwa mkaidi balaa, 1642 mji wakapewa Grimaldi, ukoo unaotawala Monaco. Alafu boksiti, yale mawe ya kutengenezea alumini, jina limetoka hapohapo, mwanajiolojia Mfaransa Berthier aliyakuta 1821.