Kadi ya kliniki inasema wiki sita, mume amerudi wiki tano: je, anaweza kuikana mimba?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi ni baharia. Nilikuwa safarini miezi mitatu, nikarudi nyumbani Tanga tarehe 21 Juni. Mke wangu ananiambia hedhi yake ilianza tarehe 10 Juni, akatwaharika tarehe 15. Tarehe 5 Julai aliona matone ya damu, na tarehe 6 kidogo tena, akaacha kusali siku hizo mbili. Tarehe 26 Julai alikwenda kliniki, kadi ikaandikwa mimba ya wiki 6 na siku 4. Mimi nina wiki 5 tu tangu nirudi. Mama anasema hesabu haidanganyi, na kwamba matone yale ni ya mimba ya zamani iliyotaka kutoka. Je, naruhusiwa kuikana mimba hii? Na sala alizoacha mke wangu zina hukumu gani?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Huruhusiwi kuikana, na kadi hiyo si ushahidi wa jambo lolote dhidi ya mkeo.

Kliniki haihesabu kuanzia usiku mliokutana. Huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo siku mwanamke anayoikumbuka. Siku mbegu ilipokutana na yai haionekani na mtu. Toka 10 Juni hadi 26 Julai ni siku 46, yaani wiki 6 na siku 4 kamili. Lakini katika wiki mbili za mwanzo za hesabu hiyo mimba haikuwapo: kwanza alikuwa katika damu, kisha mwili ukawa unakuza yai. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14, na kwa mkeo ni karibu na 24 Juni. Wewe ulishafika siku tatu kabla. Yai huishi saa 12 hadi 24 hivi, ila mbegu za mwanamume huweza kubaki hai ndani ya mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo hata kama mlikutana usiku wa kwanza tu, mimba inawezekana kabisa. Siku ile ya kliniki mimba ilikuwa na siku kama 32, nawe ulikuwa na siku 35 nyumbani. Laiti anayeandika kadi angelieleza hili kwa maneno mawili, nyumba nyingi zingesalimika.

Kuna wanaokosea mara ya pili hapa. Mume mwenye shaka hudai ultrasaundi, na majibu yakisema tena wiki sita na kitu, huona amethibitisha. Ultrasaundi nayo husoma umri kwa hesabu ile ile ya hedhi, na katika miezi mitatu ya kwanza huweza kupishana kwa siku 5 hadi 7. Ukienda, toa wiki mbili katika jibu. Kisheria si wajibu kwenda: mwanamke husadikiwa katika habari za hedhi yake, na wanazuoni wameichukua hukumu hiyo katika Suratul Baqara aya ya 228.

Sasa nasaba. Mtume (s.a.w.) amesema mtoto ni wa kitanda, yaani wa mume wa ndoa. Muda mchache kabisa wa mimba ni miezi sita ya mwandamo: Suratul Ahqaf aya ya 15 imetaja miezi thelathini ya kubeba na kunyonyesha, na Suratul Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili ya kunyonyesha, ukitoa, inabaki sita. Hoja hiyo imenukuliwa kwa Ali bin Abi Talib. Kwako, miezi sita tangu 21 Juni inatimia katikati ya Desemba, na tarehe ya matarajio ya kujifungua ni karibu na 17 Machi. Huna hata pa kuanzia. Kumkana mtoto ambaye yawezekana kuwa wako ni haramu, na anayemsingizia mwanamke mwema zinaa bila mashahidi wanne, Suratun Nur aya ya 4 imemtajia viboko themanini na kukataliwa ushahidi wake. Ikiwa neno limeshakutoka mbele ya watu, tubu, muombe mkeo radhi, na uwaambie watu wale wale kwamba ulilosema si kweli. Mama mheshimu, umpangie tarehe hizi kwa upole, lakini usimtii katika hili.

Matone ya tarehe 5 Julai hayana uzee wowote. Mimba inapojishikiza kwenye ukuta wa kizazi, kati ya siku 6 na 12 hivi baada ya kutungwa, baadhi ya wanawake hutokwa na damu kidogo.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, mjamzito anaweza kupata hedhi, lakini damu haiwi hedhi mpaka ifikie jumla ya saa 24, hata kama ni ya kuonekana kwenye pamba tu ikiingizwa. Mahanafi na Mahanbali wao huihesabu damu ya mjamzito kuwa istihadha, yaani damu isiyo hedhi na isiyozuia sala, moja kwa moja. Hakukosea kujizuia alipoiona. Ila ilipokatika bila kufikia kiwango, amejua kuwa si hedhi, basi alipe sala zote alizoacha. Ikiwa ni siku mbili kamili, ni sala kumi. Josho halimlazimu. Ikirudi hivyo hivyo, ajisafishe, afunge kitambaa, atawadhe baada ya wakati wa sala kuingia, asali bila kuchelewa, na kila faradhi kwa udhu wake.

Lakini damu ikiwa nyingi, au ikiambatana na maumivu ya upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu au maumivu ya bega, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Suala la sala mtauliza akishatibiwa.

Wallahu a'lam.