Kinachouzwa chuoni ni kuchelewa

Swali lenu la wiki hii ni fupi: nini kifanyike ili wafanyakazi wa vyuo vikuu waache kula hongo? Nadhani majibu mengi yatakuwa ya aina mbili. Wapo watakaotaka wala hongo wafungwe, na wapo watakaotaka maadili yafundishwe upya tangu chekechea. Sina ugomvi nao. Ila kifungo kipo tayari: Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 inamwandalia mtoaji na mpokeaji kifungo cha hadi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili, na juu yake faini nyingine mara tano ya alichofaidi. Semina za maadili nazo nimeketi nyingi, na chai yake, ile ya kunywa, huwa nzuri.

Nilikuwa karani wa mitihani katika idara moja ya chuo kikuu cha umma hapa Nairobi hadi nilipostaafu. Nitajibu kwa yale yaliyopita mbele ya dawati langu.

Hongo inayomfikia mwanafunzi wa kawaida haianzi na mtu mwovu anayeuza A. Wauza A wapo, lakini ni wachache na hujulikana upesi. Biashara yenyewe iko kwenye alama zinazokosekana. Mwanafunzi amefanya mtihani, amekabidhi karatasi, matokeo yakitoka somo moja lina kistari kitupu. Mara nyingi hakuna njama. Pengine hakujisajili kwa somo hilo kwa wakati. Pengine hakutia sahihi kwenye orodha ya waliofanya mtihani. Pengine mhadhiri wa muda hajalipwa tangu mwaka juzi na ameapa hataleta alama mpaka aone pesa zake. Au bahasha imo ofisini, imelaliwa na bahasha nyingine. Kufikia hapo hakuna aliyekula kitu.

Kisha orodha ya mahafali inakaribia kufungwa. Mwanafunzi anakwenda kwa mhadhiri, mhadhiri anamrudisha idarani, idara inamtuma kwa msajili, msajili anataka barua ya idara. Huko nyumbani wazazi wameshaanza kuchangisha za sherehe. Ndipo anapotokea mtu, mara nyingi si mhadhiri bali tarishi, au karani wa ofisi ya pili, au kijana wa duka la fotokopi karibu na lango, akamwambia: "Ongea vizuri, hiyo kitu itapatikana." Pesa hutumwa kwa M-Pesa kwa nambari ya mtu wa tatu kabisa, na alasiri hiyo bahasha iliyopotea semista nzima inaonekana. Alama zilizomo ni halali, ni jasho lake mwenyewe. Kwa hivyo yeye haoni kama ametoa hongo, na aliyepokea hujiita mtu wa kusaidia watu.

Kinachouzwa hapo ni kuchelewa, na kuchelewa kukiisha bidhaa imeisha. Chuo kikiniuliza kianzie wapi, nitakiambia kianze na tarehe. Kila somo liwe na siku ya mwisho ya kuleta alama, na ikipita bila alama, jambo hilo limwangukie mkuu wa idara kwa maandishi, si mwanafunzi kwa miguu. Bahasha ikipokelewa, aliyeipokea atie sahihi na saa. Mwanafunzi aweze kuona kwenye simu yake kwamba karatasi zake zimefika idarani, zimeingizwa, zimepita bodi ya kitivo. Akiona zimekwama mahali fulani hatamhitaji dalali wa kumwambia ziko wapi.

Kubadilisha alama baada ya bodi kuzipitisha kuhitaji watu wawili, kila mmoja kwa akaunti yake, na sababu iandikwe. Hili liko kwenye kanuni za vyuo vingi tayari. Lakini niulizeni kuhusu nywila! Nimeona nywila ya mfumo wa mitihani imebandikwa kwa selotepu pembeni mwa kompyuta, na ofisi nzima ikiitumia, pamoja na mwanafunzi wa mafunzo ya kazini. Ukifika uchunguzi, mfumo unasema alama ilibadilishwa na afisa ambaye siku hiyo alikuwa likizo.

Hapa kuna wenzangu watakaonishika koo kuhusu mishahara. Ni kweli wahadhiri wa vyuo vya umma wamedhulumiwa. Mgomo wa 2025 ulichukua karibu wiki saba kwa ajili ya pesa za mkataba ambao ulikuwa umeshatiwa sahihi. Wahadhiri wa muda hali yao ni mbaya zaidi, maana hao hulipwa kwa somo, na malipo huweza kuchelewa hadi wakasahau walifundisha nini. Sikubali kwamba njaa ndiyo inayoleta hongo, kwa sababu nimewaona walioshiba wakila vizuri sana. Lakini chuo kinachomfundishisha mtu bila kumlipa kimejitengenezea alama zinazokosekana kwa mikono yake, na makarani watafanya biashara kwenye pengo hilo. Kulipa wahadhiri wa muda kabla ya semista inayofuata kuanza ni hatua ya kuzuia hongo, hata kama kwenye bajeti haiitwi hivyo.

Kuhusu vitanda vya hosteli sina mengi: vigawanywe kwa mfumo, na siku ya kuingia anayelala pale aoneshe kitambulisho. Zabuni na ajira ndizo zenye pesa nyingi. Nitaambiwa nimeshughulika na dagaa huku papa wakipita. Sawa, ila papa wana EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na mimi sikuwahi kukaa kwenye kamati ya zabuni.

Jambo la kukaa nalo kidogo ni hongo isiyo ya pesa. Mwanafunzi asiye na shilingi huombwa mwili, na mara nyingi anayeuliza ni msimamizi wa tasnifu au mwalimu wa somo ambalo hakuna mwingine anayelifundisha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamtaja mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mwingine kingono, na adhabu haipungui miaka mitatu au faini ya shilingi 100,000. Lakini msichana anayetaka kumaliza shahada hawazi mahakama. Anawaza ni nani atakayesahihisha karatasi yake. Basi apewe njia ya kubadilisha msimamizi, au karatasi yake isahihishwe na mwingine, bila ombi hilo kupitia kwa mtu yuleyule wala kwa rafiki yake wa ofisi ya jirani. Ofisi ya kupokea malalamiko hayo iwe nje ya kitivo. Mahali nilipofanya kazi sanduku la malalamiko lilining'inia nje ya mlango wa mkubwa, na ufunguo ulikaa kwa sekretari wake. Sikumbuki kuona mtu akitia karatasi.

Kwa wafanyakazi wenzangu: kifungu cha 14 cha ile Sheria ya Hongo kinamtaka mtumishi wa umma aripoti ndani ya saa 24 hongo anayoijua au anayoishuku, na kifungu cha 21 kinaadhibu anayemtesa aliyeripoti. EACC iko Integrity Centre, karibu na Valley Road, na nambari yao ya bure ni 1551. Najua kwa nini hatupigi. Ofisi ni ndogo, kila mtu anajua nani alikuwa zamu siku gani.

Kwa wanafunzi nina ushauri ambao nimeuona ukifanya kazi. Acheni kuzunguka na maneno ya mdomo. Andika barua, peleka nakala mbili, na usiondoke mpaka nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Taja Sheria ya Haki ya Hatua za Kiutawala ya 2015, inayokupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotaka ombi la taarifa lijibiwe ndani ya siku 21. Kisha chini kabisa andika kwamba nakala inakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Faili ambazo tuliambiwa haziko zimewahi kupatikana kabla ya chakula cha mchana kwa sababu ya mstari huo mmoja. Karani haogopi mwanafunzi anayelia, ila karatasi yenye muhuri wake mwenyewe humnyima usingizi.

Pendekezo langu la mwisho ni la ubao wa matangazo. Kila semista ikifungwa, idara ibandike orodha ya masomo ambayo alama hazijaingia: somo, idadi ya karatasi zinazongojewa, na tarehe zilipotakiwa. Majina ya wanafunzi yasiwepo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, inayokuja kukagua vyuo hata hivyo, iombe nakala za orodha hizo za miaka miwili iliyopita, na iziombe kabla haijatembezwa maktaba na maabara.

Msomaji, Ngara, Nairobi